Kikohozi cha Kasuku

Asubuhi za Melania zilianza kwa ufagio. Alifagia uwanja wa nyumba yao, pale Ngokolo mjini Shinyanga, kuanzia mlango wa jiko hadi kwenye stoo ya nyuma. Huku akifagia, alimsikia bibi yake akiyalalamikia magoti yake, na mama yake akimkimbiza Ignas, mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu, ambaye hakuona sababu yoyote ya mtu kuvaa suruali. Uwanja ukishakuwa safi, ndipo Melania alipokwenda stoo kumtoa Karani.

Karani alikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu na macho makali kama ya mwalimu wa zamu. Alikuwa wa Bibi Serafina, mama yake baba, aliyehamia kwao kutoka Ushirombo miaka miwili nyuma akiwa na sanduku la nguo, kizimba cha ndege, na kibali cha kumfuga ndege huyo kilichohifadhiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Jina la Karani lilimkaa vizuri, kwani hakuna sauti iliyopita nyumbani hapo asiinakili. Alijua kuguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Alijua kumwita mama kwa sauti ya muuza dagaa, na mama, mwanamke mwenye akili zake timamu, alikwishatoka mbio na bakuli mara nne. Akimwona bibi aliinamisha kichwa na kusema kwa Kisukuma safi, "Mwangaluka, mayu!" yaani umeamkaje, mama. Bibi naye alimwitikia kwa heshima zote, kana kwamba ameamkiwa na mkwe wake.

Kwa Melania, Karani alikuwa na mluzi wa pekee ambao hakumpigia mtu mwingine. Melania akiujibu, ndege alitulia. Asipoujibu, ndege aliupiga tena na tena mpaka majirani wachoke.

Jumatatu hiyo, Melania alipoukaribia mlango wa stoo, alisikia mtu anakohoa ndani. Kilikuwa kikohozi kizito cha mtu mzima, kilichotoka chini kabisa ya kifua. Akasukuma mlango. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na magunia mawili ya karanga, majembe, baiskeli mbovu, na Karani juu ya kijiti chake. Kasuku akamtazama, akafungua mdomo, akakohoa mara tatu.

Melania alicheka mpaka ufagio ukamtoka mkononi. Akambeba Karani hadi barazani akawaonyeshe wenzake kichekesho kipya. Lakini Karani alipokohoa mbele ya bibi, kicheko kilikatika papo hapo. Bibi aliweka kikombe cha uji chini na kuziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Mtoeni!" alisema. "Mtoeni huyo ndege mbele yangu!"

Mama alimvuta Melania pembeni na kumweleza kwa sauti ya chini. Babu yake, mzee Makoye, alichimba dhahabu miaka mingi, akarudi nyumbani na kifua kibovu, na bibi alimuuguza miezi minane kabla hajafariki. "Alikuwa akikohoa hivyo hivyo," mama alisema. "Bibi yako akikisikia kikohozi hicho anaiona siku ile aliyofariki."

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda na Ignas mapajani. Baba yake Melania aliitwa Nkwabi, na alikuwa na mwezi mzima nyumbani. Kwa kawaida alikuwa Geita, akifanya kazi kwenye karasha, mashine inayosaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga. Alikuwa amewaambia kwamba mashine imeharibika na tajiri wake anasubiri kifaa kutoka Mwanza. Watoto hawakukilaumu kifaa hicho hata kidogo. Baba akiwa nyumbani, Ignas hakushuka mapajani pake ila kwa kula na kulala.

"Ndege huyu anaumwa," bibi alisema alipotulia. "Na humu ndani mna mtoto mdogo. Ni ndege wangu, nampenda, lakini Jumamosi atarudi Ushirombo kwa Donatus, akakae shambani."

Donatus alikuwa mpwa wake bibi, mtu mwema ila mwenye paka sita. Melania alihisi machozi yanamlenga.

"Bibi, tumwite daktari kwanza," alisihi. "Akisema Karani anaumwa, nitambeba mimi mwenyewe hadi stendi."

Bibi alinung'unika, lakini mama alikubali. Kwa hiyo Jumanne alasiri alifika Daktari Esta, daktari wa mifugo, kwa pikipiki yenye matope hadi kwenye taa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa.

"Tangu asubuhi nimetibu ng'ombe kumi na mmoja na punda mmoja," alisema akinawa mikono. "Kasuku hajawahi kuniita. Haya, mgonjwa yuko wapi?"

Alimfunga Karani kwa taulo kwa upole, akamsikiliza kifua, akamulika matundu ya pua, akachungulia hadi kinyesi chake kilichokuwa kwenye gazeti. Kisha alimwachia juu ya kizimba na kumtazama tu, kwa muda mrefu, jinsi anavyohema. Karani, aliyependa sana kutazamwa, akamkoholea usoni.

Daktari Esta aliangua kicheko. "Ndege huyu ni mzima kuliko mimi. Kasuku akiugua kifua hujikunyata, hujivimbisha manyoya, na mkia wake huchezacheza kila anapohema. Na ndege hana ule msuli mpana tulio nao sisi chini ya mapafu, unaosukuma hewa kwa kishindo. Hawezi kukohoa namna hii kwa ugonjwa. Anaigiza."

"Anaigizaje wakati hana midomo kama yetu?" Melania aliuliza.

"Swali zuri. Sisi sauti yetu inatengenezwa hapa kooni. Yake inatengenezwa chini kabisa, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili. Halafu ana ulimi mnene, anaugeuzageuza kama sisi tunavyofanya, na sauti inapata umbo. Ndiyo maana kasuku anasema na kuku wako hasemi."

"Na kwa nini ahangaike kuiga?"

Daktari aliketi kwenye ngazi ya baraza. Alionekana kusahau kwamba ana haraka. "Huko msituni kasuku wanaishi kwa makundi. Wanaitana mchana kutwa: niko hapa, uko wapi? Kila kundi lina milio yake, na kinda huijifunza kwa wakubwa. Asiyeijua milio ya wenzake ni mgeni. Sasa huyu hana kundi. Kundi lake ni nyinyi. Kwa hiyo anajifunza milio yenu ili awe mmoja wenu."

Melania aliukumbuka mluzi wake, na sasa akauelewa. Karani alikuwa akimwuliza yuko wapi.

"Anaiga kila anachosikia?"

"Hapana. Redio ikiongea mchana kutwa anaweza asiokote hata neno. Anaokota zaidi anachokisikia mara kwa mara, kwa mtu aliye hai, na hasa mtu anayempenda. Na haokoti kwa siku moja. Kwanza hujifunza kwa kunong'ona, peke yake, kama mwanafunzi anayekariri. Akishaweza ndipo anatoa kwa sauti." Daktari alisimama na kufunga mkoba wake. "Kwa hiyo msimtafutie huyu dawa. Mtafuteni mwenye kikohozi."

Mama alimtazama bibi, bibi akamtazama mama. Baba alicheka kidogo.

"Labda ni jirani," alisema. "Ukuta wa stoo si unapakana na nyumba yake?"

"Jirani au si jirani," bibi alisema, "mimi kikohozi hicho sitaki kukisikia tena. Jumamosi iko palepale."

Melania alihesabu kwa vidole. Alikuwa na siku tatu za kumpata mtu mwenye kikohozi na kumwokoa Karani na paka wa Donatus. Hakuwa na shaka kwamba angeweza. Melania alikuwa mtoto wa namna hiyo, akianza jambo haliachi mpaka limwachie.

Kesho yake shuleni alimsimulia yote Kudra, rafiki yake waliyekaa dawati moja katika darasa la sita.

"Mwalimu wa sayansi anasema nini kila siku?" Kudra alisema. "Angalia, andika, halafu ndiyo uulize. Wewe umekwishauliza kabla ya kuandika."

"Niandike nini? Anakohoa, basi."

"Anafanya nini kabla ya kukohoa? Na baada ya hapo? Paka wetu akilia jikoni, najua anataka nini kwa sababu nimesikia kwanza mlango wa kabati. Andika vyote."

Ushauri ulikuwa mzuri. Jioni hiyo Melania alichukua daftari lake kuukuu, akaketi nyuma ya magunia ya karanga na kusikiliza. Asubuhi ya Alhamisi alifanya hivyo tena, na alasiri yake tena. Karani, kwa bahati, hakuwa mchoyo wa sauti zake. Mpaka jua linazama Alhamisi, ukurasa mzima ulikuwa umejaa, na jambo moja lilikuwa wazi: kikohozi hakikuja peke yake hata mara moja. Kwanza Karani alilia kama komeo la mlango wa stoo linalovutwa taratibu. Kisha alikohoa mara tatu. Kisha alitoa sauti ya mtu anayetema mate, na mparuzo wa kiatu kwenye sakafu ya udongo. Halafu, mwisho kabisa, alitoa sauti ya mtu anayekunywa kwa mfululizo na kushusha pumzi: "Aaah!"

Jirani hakuwa na njia ya kuvuta komeo lao. Isitoshe, nyumba yake ilikuwa imefungwa tangu Pasaka, mwenyewe akiwa Musoma kwa binti yake. Melania alikumbuka pia kwamba yapata wiki mbili nyuma alimsikia Karani akinong'ona kitu kama kukwaruza koo, akadhani anasinzia. Kumbe alikuwa akikariri. Mwenye kikohozi, basi, alikuwa mtu wa nyumbani, tena aliyeanza kuingia stoo si zamani sana.

Jioni walipokuwa wakila, baba aliagiza kikombe chake cha maziwa. Alikuwa akinywa maziwa asubuhi na jioni tangu aliporudi, na asubuhi aliyanunua mwenyewe kwa muuza maziwa aliyepita na baiskeli kabla watu hawajaamka. Alikigeuza kikombe mdomoni, akanywa mfululizo mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Aaah!"

Melania alirudisha tonge kwenye sahani. Alitaka sana asiwe amesikia. Alitamani muuza maziwa awe na baiskeli mbovu, asiwe amepita kwao alfajiri hata siku moja, au neno la Daktari Esta liwe la uongo. Alimwangalia Ignas, aliyekuwa amelala usingizi kifuani pa baba, mdomo wazi.

Ijumaa hakuanza kwa ufagio. Kulipokuwa kunapambazuka alisimama kando ya stoo. Alimwona baba akija na kikombe cha maziwa mkononi, akavuta komeo taratibu, akaingia. Kilichofuata Melania alikuwa amekwishakiandika daftarini. Alipofungua mlango, baba alikuwa ameegemea ukuta, amefunga macho, na leso aliyoishika ilikuwa na doa jekundu. Karani alikuwa amesogea mpaka kwenye nyaya za kizimba, karibu naye kadiri alivyoweza, kichwa kimeinama.

Melania akasema lile analolisema kila asubuhi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," baba alijibu, akaificha leso mfukoni. Walitazamana. "Ni vumbi tu, mama. Vumbi la karasha. Sote kule tunakohoa. Ndiyo maana wachimbaji wanakunywa maziwa, yanaosha kifua."

"Baba, maziwa yanaenda tumboni," Melania alisema kwa sauti ndogo. "Tumejifunza. Njia ya chakula ni nyingine, na njia ya hewa ni nyingine. Hayafiki kwenye mapafu."

Baba alikitazama kikombe chake. Mwezi mzima hakuna aliyemwambia neno hilo, wala miaka kumi ya machimboni.

"Sikiliza," alisema hatimaye. "Jumatatu narudi Geita. Kesho Karani ataondoka, bibi yako atapumzika. Wewe na mimi tutanyamaza. Bibi yako alimuuguza babu yako mpaka mwisho. Akisikia na mimi nina kifua, hataweza. Umenielewa?"

Melania hakujibu. Baba aliuchukua ukimya ule kuwa ni ndiyo, akamgusa begani, akatoka.

Shuleni siku hiyo Melania hakusikia somo hata moja. "Umempata?" Kudra alimwuliza wakati wa mapumziko.

"Nimempata."

"Sasa mbona umenuna? Mwenye kikohozi aende hospitali, Karani abaki nyumbani. Hesabu ya darasa la kwanza hiyo."

"Si rahisi kama mwenyewe ni mkubwa kuliko wewe, na amekuambia unyamaze."

Kudra hakuuliza ni nani. Alikuwa rafiki mwenye akili. Alikata muhogo wake wa kuchoma akampa Melania nusu, na baada ya kutafuna kidogo akasema, "Na ukinyamaza, atapona?"

Hilo ndilo swali alilorudi nalo nyumbani. Alilitembeza njia nzima, na kila alipoligeuza lilikuwa na jibu moja.

Alipofika, jua lilikuwa bado liko juu kidogo ya mabati. Mama alikuwa anapepeta mchele. Bibi alikuwa kwenye mkeka, ameupa mgongo upande wa stoo. Na katikati ya uwanja, baba alikuwa amechuchumaa, anafunga kizimba cha Karani kwa kamba ya katani, tayari kwa safari ya kesho. Ignas alikuwa amening'inia mgongoni pake. Karani alimwona Melania akapiga mluzi. Melania hakuweza kuujibu.

Aliweka mfuko wa madaftari chini. Akatembea mpaka pale, akapiga magoti mbele ya baba yake kama watoto wa Kisukuma wanavyopiga magoti kuwaamkia wakubwa, maana hakutaka mtu yeyote aseme amekosa adabu.

"Baba, usimfunge Karani," alisema, na sauti yake ilitoka wazi kuliko alivyotegemea. "Uliniambia ninyamaze. Nimejaribu kutwa nzima, nimeshindwa. Karani hana kosa. Anayekohoa stoo ni wewe. Unakohoa damu, baba. Na Ignas analala kifuani pako kila siku. Mimi nataka upone."

Ungo wa mama ulisimama hewani. Baba alibaki ameshika ncha ya kamba. Kwa kitambo Melania alidhani atafokewa, na akajiweka tayari, kwani alijua hata akifokewa hatalirudisha neno lake.

Lakini aliyeinuka alikuwa bibi. Aliinuka bila kuyalalamikia magoti, akavuka uwanja, akamchukua Ignas kutoka mgongoni pa baba na kumpa mama. Kisha aliweka kiganja chake juu ya kifua cha mwanawe, mahali pale pale, akakiacha hapo.

"Tangu lini, Nkwabi?"

"Miezi mitatu, mama," baba alisema akiangalia chini. "Mashine haijaharibika. Nilishindwa kazi, nikaomba nipumzike. Sikutaka ujue. Nilidhani ukisikia utaanguka."

"Nianguke?" bibi alisema. Alikuwa analia, lakini sauti yake ilikuwa ngumu kama mpini. "Baba yako alinificha hivi hivi. Miezi mitano alikuwa akienda kukoholea bondeni ili nisisikie. Nilipojua, ilikuwa imekwisha, hapakuwa na la kufanya ila kumfuta jasho. Kinachoniuma mpaka leo ni ile miezi mitano. Na wewe unataka kunipa mingine?" Akageuka. "Fungua kamba hiyo. Kesho hakuna anayekwenda Ushirombo. Kesho tunakwenda hospitali, mimi na wewe, na nitakaa kwenye benchi mpaka nisikie kwa masikio yangu."

Naam, alikaa. Jumamosi saa moja asubuhi bibi alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na Melania pembeni yake, na baba katikati yao kama mtu aliyekamatwa. Mtabibu alichukua makohozi ya baba yakapimwe, akamfanyia na picha ya kifua. Majibu yalitoka Jumatatu: kifua kikuu. Mapafu yalikuwa pia yameumizwa na vumbi la mawe, ila hayakuwa yamefika pabaya.

"Mmemleta mapema," mtabibu alisema. "Dawa ni bure, utazimeza kila siku kwa miezi sita bila kuruka hata moja, hata ukijisikia mzima. Watu wengi huacha wakishapata nafuu, na ugonjwa hurudi kwa kishindo. Kwa sasa ulale chumba chako, madirisha wazi, na ukikohoa uzibe mdomo. Nyumba nzima mtapimwa. Mtoto mdogo atapewa dawa za kumkinga."

"Na maziwa?" baba aliuliza, akimtupia Melania jicho.

"Maziwa ni chakula kizuri, endelea kunywa. Lakini hayajawahi kufika kwenye mapafu ya mtu yeyote."

Melania alijitahidi sana asitabasamu. Hakufaulu.

Walipimwa wote, na ugonjwa haukuonekana kwa mwingine yeyote. Ignas alipewa dawa zake, akazitema siku ya kwanza na ya pili, ya tatu akashindwa na ubishi wa bibi. Miezi miwili ilipopita, baba alikuwa ameongezeka mwili, na kikohozi kilikuwa kimebaki kwa nadra sana. Bibi hakumzungumzia tena Donatus wala paka wake.

Jumapili moja mchana, baba aliketi barazani, akaweka simu mezani na kumpigia Chacha, mwenzake aliyebaki Geita kwenye karasha lile lile. Aliweka sauti kubwa, na familia yote ikasikia, kwani alisema amechoka kuongea mambo ya kifua chake mafichoni.

"Chacha, nilikuwa na kifua kikuu," alisema baada ya salamu. "Natibiwa, naendelea vizuri. Nakupigia ili mkapime. Wewe na wote walio kwenye mashine. Na mwambieni tajiri anunue vizuia vumbi, na mawe yamwagiwe maji kabla hayajasagwa. Mimi sirudi kwenye vumbi lile bila hayo."

Chacha alicheka upande wa pili. "Nkwabi bwana! Hapa nani hakohoi? Sote tunakohoa."

"Ndiyo maana nimekupigia."

Chacha hakucheka tena. Nyuma yake ilisikika mashine ikisaga.

"Nani alikustua?" aliuliza.

Baba alimwangalia Melania, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi na daftari lake la hesabu magotini. "Kasuku wetu alitangaza ugonjwa wangu wiki nzima," alisema. "Tulimsikia wote, tukataka kumfukuza. Lakini kasuku hajui anachosema, Chacha. Yeye anarudisha tu sauti aliyopewa. Mwanangu wa darasa la sita ndiye aliyejua anachosema. Alijua pia kwamba mimi ni baba yake na nimemkataza, akapiga magoti akalisema mbele ya watu. Kama angeninyamazia kwa heshima, angenizika kwa heshima. Nilichojifunza kwake ni hiki: mtu akijua jambo linaloweza kuokoa uhai wa mwenzake, adabu ya kweli ni kulisema. Sasa mimi nimejua, na nimekuambia. Wewe je?"

Mtu alizima mashine kule Geita, na katika utulivu ule walimsikia Chacha vizuri, akikohoa mbali na simu, mara moja, halafu tena.

"Hospitali," alisema aliporudi, "asubuhi wanafungua saa ngapi?"